Saiba ya mlango wa bluu, Masimba: mpeleke mzazi wako

Nimeshona sare za shule Kayole kwa miaka 23 na sijawahi kukaa chini kuandika kuhusu duka la mtu mwingine. Mteja akifurahi ananiambia mdomoni, akikasirika vilevile, na siku inaendelea. Lakini kuna saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, karibu na steji ya Masimba ambayo imemfanyia mama yangu kazi tuliyoihangaikia mwaka mzima, mimi na yeye, bila kuipata: kufuatilia pesa zake za wazee za serikali zilizokwama. Najua mtaa huu umejaa watu wenye wazazi wa rika lake, wanaopanda na kushuka matatu na bahasha ya kaki kwapani. Hao ndio ninaowaandikia.

Saiba yenyewe haina jina. Ukutani pameandikwa kwa brashi SAIBA KOPI PICHA SHA KRA (hizo mbili za mwisho ni bima ya afya na kodi), basi. Sisi tunaiita mlango wa bluu. Imebanwa kati ya mama wa chapati na duka la gesi. Ndani kuna kompyuta tatu, printa moja, benchi la mbao, na kiti kimoja cha plastiki chenye mikono. Kiti hicho ni cha wazee. Nimemwona kijana wa chuo akiombwa kwa upole akiachie, akahamia benchi bila kununa. Anayeihudumia ni dada mmoja ambaye sidhani amefika miaka 30.

Mama yangu ana miaka 78. Sisi Wakamba tunamwita Mwaitu, wajukuu wanamwita Susu. Tulipohamia Kayole alipata kazi ya kuvunja kokoto kwenye machimbo ya upande wa Njiru. Jiwe mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, debe kwa debe, juani, mpaka magoti yalipokataa. Nyundo ile ndiyo iliyonilipia karo. Na nyundo hiyohiyo, pamoja na mawe, ndiyo iliyomfuta alama za vidole.

Jina lake liliingia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, kwenye usajili wa 2017, serikali ilipoamua kuwaandikisha wazee wote waliofikisha miaka 70 wasiopokea pensheni ya serikali, badala ya kuwachagua wachache kama zamani. Malipo yakaanza 2018. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi zilikuwa zikija za miezi miwili pamoja, 4,000. Mtu anaweza kuziona ni pesa kidogo. Kwa Mwaitu ni unga, makaa, maji ya mitungi, na sadaka ya Jumapili ambayo hataki kabisa nimtolee mimi. Siku ya kupokea alikuwa anavaa leso yake nzuri. Alikuwa akirudi ananipitia kibandani na mkate, ananiwekea juu ya cherehani. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mama yangu ameshika pesa ambazo hakuzivunjia jiwe, na namna alivyozishika ilikuwa tofauti.

Kisha mashine ikaanza kumkataa. Weka kidole. Futa, weka tena. Weka kingine. Nyuma yake foleni inaguna. Mara ya kwanza walimsaidia ikakubali, mara ya pili ikachukua nusu saa, mara ya tatu akaambiwa arudi siku nyingine. Hakurudi. Wala hakuniambia. Nilimuuliza mbona siku hizi hapiti na mkate, akasema mkate umepanda bei. Miezi ilipita kabla sijajua kwamba akaunti ilikuwa imelala na pesa haziingii tena. Aliona haya. Mtu aliyelea watoto watano kwa mikono hiyo aliona haya kwa sababu mashine haikuitambua.

Ndipo tukaanza kuzunguka. Nilikuwa naandika nauli kwenye daftari la vipimo, kwa hiyo ninazo hesabu: safari sita, watu wawili, shilingi 80 kwenda na 80 kurudi kila mmoja. Jumla 1,920, karibu pesa yake ya mwezi mzima. Ofisi ya kwanza ilitaka barua. Ya pili ilitaka barua ya aina nyingine. Pengine palitakiwa namba ya simu iliyo kwenye rekodi, na sisi hatukujua ni ipi. Nakala ya kitambulisho chake nimeitoa mara 11 mwaka huo. Kila dirisha lilituuliza swali moja tu, likatuelekeza dirisha lingine, na hakuna aliyetuambia safari nzima ikoje kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo liliniuma kuliko nauli. Mzee wa miaka 78 hawezi kugundua utaratibu kwa kuugonga na kichwa, kipande kwa kipande.

Katikati ya hapo nilimlipa mtu mmoja shilingi 500 "aharakishe". Nasema wazi nililipa, ili mwenzangu asilipe. Kuandikishwa Inua Jamii ni bure, kulalamika ni bure, na kuna namba ya bure ya kupiga, 1533. Na kuna saiba nyingine, si ya hapa, ambayo kijana wake alibaki na laini ya mama "ili ujumbe ukija ausome". Nilipoifuata nikakuta namba ya siri ya mama yangu imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha, mezani, kila mtu anaona.

Mlango wa bluu nilielekezwa na mteja. Tulikwenda Alhamisi mchana. Dada alisimama, akamshika Mwaitu mkono, akamkalisha kwenye kile kiti. Akasema, "Shikamoo, Shosho. Unapenda nikuite Shosho, au una jina lingine?" Mama akasema nyumbani anaitwa Mwaitu. Tangu hapo mpaka leo dada huyo, ambaye kwa lafudhi ni mtu wa Magharibi, anamwita Mwaitu.

"Mwaitu, umekuja na shida gani?"

Nikaanza kujibu mimi. Nilikuwa nimeshaizoea hadithi hiyo, naisema haraka haraka kama mtu anayetaja bei. Akaniinulia kiganja, kwa heshima. "Fundi, ngoja kidogo. Wewe nitakuuliza baadaye."

Nakiri kilinichoma. Mimi ndiye niliyefunga kazi siku hizo zote, mimi ndiye niliyelipa nauli. Lakini Mwaitu alipoanza kueleza, yalitoka mambo ambayo mimi sikuyajua. Kwamba laini ya simu aliyoandikishia ilikuwa ya ndugu yangu, aliyefariki 2021. Kwamba jina la babake kwenye kadi ya benki lina herufi iliyokosewa na alishaambiwa hivyo zamani akasahau. Sikuyajua kwa sababu sikuwahi kumuuliza yeye. Nilikuwa naziuliza ofisi.

Dada akaomba karatasi zote. Mama akafungua mfuko wake wa leso, akatoa kila kitu, mpaka kadi ya marehemu baba ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Zikatandazwa juu ya meza kama vipande vya kitambaa kabla ya kushona. Hiyo ni kazi ninayoijua: mshonaji mzuri hapitishi sindano kabla hajaona vipande vyote. Alitumia dakika kama 20 kupanga tu, hajagusa kompyuta. Mwisho akasema kuna mafundo matatu, na akayataja moja baada ya lingine, kwa Kiswahili, akimtazama mama.

La kwanza ni laini. Alimwongoza Mwaitu abonyeze *106# kwenye simu yake, ambayo inaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Haikutoka hata moja. Kwa sheria za simu mama yangu hakuwa na laini duniani, na kila ujumbe aliotumiwa ulikuwa unakwenda kwa laini ya mtu ambaye tumeshamzika. Dawa yake ni kwenda na kitambulisho dukani kwa kampuni ya simu asajiliwe laini kwa jina lake mwenyewe, kisha namba mpya ipelekwe kwenye rekodi.

La pili ni ile herufi. Kitambulisho ndicho kikubwa, kadi ya benki ifuate kitambulisho. Hilo halikuchukua maneno mengi.

La tatu ni vidole, na hapa ndipo nilipoona mtu anayeijua kazi yake. Alichukua beseni dogo chini ya meza, akamimina maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, akamwosha Mwaitu mikono kwa sabuni, akamkausha kwa taulo. Akapaka mafuta ya mgando kidogo sana, akayafuta. Akawasha tochi ya simu, akaimulika kwa pembeni, akachunguza vidole vyote kumi, kimoja kimoja, bila haraka, huku mteja wa kopi akisubiri mlangoni. Alinionyesha. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa laini kama sahani. Vya shahada vilevile. Lakini kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho nadhani hakikuwa kinaligusa sana jiwe, bado kilikuwa na mistari.

"Hiki, Mwaitu. Ukifika kwenye mashine waambie waanze na hiki. Ukilaze chote, usibonyeze kwa ncha. Na wiki nzima kabla ya kwenda, kila usiku paka mafuta, usifue nguo kwa dawa ya madoa, mwachie Fundi afue."

Mwaitu akakitazama kidole hicho muda mrefu. Nyumbani aliwaonyesha wajukuu.

Kisha ikaandikwa barua ya malalamiko kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kumbe ndiko yanakoanzia mambo kama haya ya jina kukwama, na sisi tulikuwa tumeanzia mwisho. Iliandikwa kwa Kiswahili. Ilipokamilika dada aliisoma kwa sauti, polepole, Mwaitu akisikiliza amefumba macho. Palikuwa na sentensi iliyosema "mimi ni mzee nisiyejiweza". Mama akafumbua macho. "Hapana. Mimi najiweza. Andika vidole havisomeki." Ikafutwa, ikaandikwa alivyosema.

Ni hapo pia alipoulizwa kuhusu mlezi. Mpango huu unamruhusu mzee kumteua mtu wa kumchukulia pesa ikiwa mwenyewe hawezi, na mimi nilikuwa nimeshajipa kazi hiyo moyoni. Nilijua ingekuwa nyepesi zaidi kwangu. Swali lilikwenda kwa mama: "Unataka mtu akuchukulie, au unataka kuchukua mwenyewe?" Akasema magoti yakikataa kabisa atamteua mtu, kwa sasa anakwenda mwenyewe. Dada akaandika hivyo, hakunitazama usoni kuona kama nimekubali.

Kwenye barua akaongeza karatasi moja ya mkono, maandishi makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Inasema uende wapi kwanza na wapi baadaye, kila mahali utoe karatasi gani, useme maneno gani, na uondoke na nini. Mstari wa mwisho ulikuwa "usiondoke bila nakala yenye mhuri na tarehe". Juu kabisa aliandika SAFARI MOJA. Aliniambia hayo ndiyo anayoyapigania: mzee atoke nyumbani mara moja. Nakala zilizotakiwa zikatolewa palepale, sita, zikafungwa kwa pini kwa mpangilio wa madirisha.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza, "Mwaitu, ukiugua unatibiwa wapi?"

Mama ana presha. Kadi yake ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ilikuwa bado mfukoni, ameifunga kwa mpira. Akaelezwa kwamba tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, mahali pake pana SHA, na hata aliyekuwa mwanachama hujiandikisha upya. Mimi nimejiandikisha, na siku zote hizo nilidhani mama yuko chini yangu kama watoto. Hayuko. Mchango wangu unamfunika mume na watoto wangu. Mzazi ni kaya yake, na usajili wake. Kama na wewe unadhani hivyo, kaangalie leo, usingoje usiku wa kukimbizana na teksi kwenda hospitali.

Usajili wa SHA una maswali ya kupima uwezo wa kaya: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mnapika kwa nini, choo ni cha nani, maji mnatoa wapi. Mwaitu alianza kujibu kama anayepokea wageni wa posa. Nyumba nzuri. Tunapika kwa gesi. Gesi hiyo ni yangu, na iko kwangu. Dada akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mwaitu, hapa hakuna wa kukucheka. Majibu haya ndiyo yanayopanga mchango wako. Ukijipandisha, utatozwa ya mtu mwingine. Ukijishusha, tutakuwa tumedanganya. Tuseme ilivyo."

Kimya kikapita. Printa ilikuwa inatema kopi za mtu. Mama akasema, taratibu, "Jiko la makaa. Choo ni cha ploti, tuko nyumba nane."

Nimefikiria sana kimya kile. Fomu inamtaka mzee aanike ufukara wake mbele ya mtu asiyemjua, na pengine mbele ya foleni, halafu tunashangaa kwa nini wengi wanadanganya au wanakaa nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia na ya serikali. Kwangu mimi heshima hiyo huanzia kwenye jinsi swali la choo linavyoulizwa. Dada wa mlango wa bluu aliliuliza kwa sauti ya chini, mwili wake umekinga skrini, na alipojibiwa hakusema "pole". Aliandika tu, akaenda swali la pili.

Mchango wa chini kabisa wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopeshwa mchango huo na kuurudisha kidogokidogo. Alinieleza pande zote mbili bila kunisukuma, nami nikaamua kuilipa kwa pesa ya sare za Januari. Jambo alilolirudia mara mbili, na ninalirudia na mimi: kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi za chini, kujiandikisha kwenyewe kunatosha mtu kutibiwa, hata kabla ya mchango. Mchango ni wa kulazwa na hospitali kubwa. Wazee wengi hawajiandikishi kwa kuogopa ile 3,600, wanakosa hata kile ambacho hakiidai.

Kuhusu kadi ya NSSF ya baba, alituandikia vyeti vinavyotakiwa kwa madai ya aliyeachwa na marehemu, cha kifo kwanza, akasema hawezi kuahidi chochote. Tunaendelea nalo.

Sasa bei. Kopi ni shilingi 5. SHA 50. Barua ni 100, lakini mwenye miaka zaidi ya 60 analipa 50. Kuuliza na kupangiwa karatasi ni bure kwa mzee. Siku hiyo tuliyokaa zaidi ya saa moja na nusu tulilipa 130. Nilitaka kuongeza, akakataa, akasema nikitaka kulipa zaidi nimshonee pazia la kukingia ile kompyuta ya wazee. Nimelishona, kitambaa cha kijani. Lipo sasa.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaieleza. Mlangoni kuna ngazi mbili za juu, hazina cha kushikilia. Mwaitu alipandishwa na watu wawili, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuingia hata kidogo. Kwa mahali panapowajali wazee kiasi hicho, ngazi hizo haziwezi kusamehewa, na nimemwambia mwenyewe. Stima ikipotea kazi inasimama, na Kayole stima hupotea. Jumatatu usiende, panajaa wanafunzi wa maombi ya mikopo na huyo dada ni mmoja tu. Pia alikosea jambo. Barua ya kwanza iliandika mwaka wa kuzaliwa 1974 badala ya 1947. Aliyeona ni Mwaitu. Maneno hasomi, lakini tarakimu anazijua zote, kwa ajili ya kuhesabu madebe. Alikiweka kidole chake juu ya kosa. Dada alichapisha upya bila malipo, akamwomba msamaha Mwaitu, si mimi.

Tulifanya ile safari moja wiki iliyofuata, baada ya usiku saba wa kupaka mafuta. Kwenye kaunti ndogo afisa alipokea karatasi zilizopangwa, akazipitia, hakuomba hata moja ya kuongeza. Akapiga mhuri. Alituhudumia vizuri na naamini angetuhudumia hivyo tangu mwanzo kama tungefika kwake na kitu kilichokamilika. Benki Mwaitu alijinyoosha mbele ya mashine na kutangaza, "Tuanze na hiki," akilaza kidole cha pete. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili taa ikawa kijani. Aliyekuwa nyuma yetu alipiga makofi.

Pesa zilirudi kwenye mwezi wa tatu. Ni maafisa waliozirudisha, na ninawashukuru.

Laini mpya ilipotoka tulirudi mlango wa bluu kuweka namba ya siri, kwa sababu mimi niliogopa kukosea. Mwaitu ana kabambe, simu ndogo ya kawaida, yenye vitufe vikubwa. Dada akamweleza tarakimu nne, zisiwe mwaka wa kuzaliwa, ziwe kitu unachokikumbuka ambacho hujawahi kumwambia mtu. Kisha akageuza kiti chake, akaukabili ukuta. Mimi nikabaki nimeinama juu ya bega la mama, nimsaidie.

Mwaitu akaifunika simu kwa kiganja. "Na wewe pia," akaniambia. "Nenda ukasimame mlangoni."

Nikasimama mlangoni. Mama wa chapati akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna. Nilisikia vitufe vinne, kimya, kisha vinne tena.

Alhamisi hii anarudi tena, na safari hii mimi sihitajiki. Anampeleka mwenzake wa siku za kokoto, mjane anayeishi Soweto, ambaye vidole vyake ni kama vyake na ambaye tangu mashine imkatae hatoki nyumbani. Jana jioni nilimkuta ameketi na mkono wa mwenzake chini ya tochi, anamtafutia kidole chenye mistari.